Upepo Uliokuja na Gari la Baba

Wale vijana wa mkokoteni wanaonunua vyuma vikuukuu walifika kwetu Kware wiki moja baada ya kumzika baba. Sijui hunusa vipi. Mtu akifa majirani huleta sukari, hao huleta mizani. Walipanda ngazi ghorofa tano bila hata kuhema, wakafika juu ya paa ambako baba alifuga kuku wake. Mkubwa wao hakuangalia kuku wala mabati. Alienda moja kwa moja hadi ubavuni mwa kibanda, akaugonga kwa kifundo cha kidole.

"Mathe, hii mlango ya gari unauza?"

"Siuzi."

"Lakini imekwisha! Ni kutu tupu."

"Ndiyo maana siuzi."

Akajaribu kuuinua hata hivyo. Pindo la chini likamegeka, unga wa kahawia ukanimwagikia vidole vya miguu, na ile harufu ikapanda: harufu ya sarafu iliyofumbatwa na mtoto mchana kutwa, harufu ya jino linapong'oka. Nikashika nguzo ya kamba ya nguo. Mimi ni mtu wa kucheka, muulize yeyote. Nilicheka hata siku niliyopewa cheti cha kidato cha nne katika shule ya jioni, mtoto mmoja mgongoni, mwingine ananivuta sketi, mwalimu mkuu akitamka jina langu kama anayetafuna mchanga. Lakini harufu ile haijawahi kunichekesha.

Nyinyi mliokulia Eastlands enzi zetu mnakumbuka magari ya Japani yalivyoanza kumiminika mjini kama kumbikumbi baada ya mvua. Baba alikuwa ameendesha malori ya watu tangu atoke Mbooni akiwa kijana. Alijinyima mpaka akajinyima kujinyima, mwishowe akapata gari lake mwenyewe, basi dogo la kukodisha kwa harusi, matanga na safari za kanisa. Siku lilipoingia Huruma, nakuambia, watu walipanga mstari barabarani kama rais anapita. Wenye maduka waliacha mizani ikining'inia. Kuna bibi alipiga vigelegele mpaka meno yake ya bandia yakaruka, na sisi watoto ndio tuliomwokotea.

Lilikuwa jeupe, na kwenye mlango wake wa kusukuma palikuwa na herufi mbili za buluu, kila moja pana kama sinia. Ya kwanza ilikuwa na matone matatu ya maji upande wa kushoto, yakidondokea kitu kama kabati. Ya pili ilikuwa kibanda, na ndani ya kibanda amejikunyata mdudu. Sikuonyeshwa na mtu. Nilimwona mwenyewe: kichwa, tumbo, na mguu mmoja umechomoza kana kwamba anajiandaa kutoka.

Baba alilipeleka gari likapigwa rangi upya, juu na chini. Fundi alipoufikia mlango ule baba alimdaka mkono.

"Hapo usiguse. Hayo maandishi ndiyo kabila lake."

Ndivyo watu walivyoamini. Gari lenye maandishi ya kwao lilikuwa gari safi, halijapita mikononi mwa mjanja yeyote wa hapa. Ukifuta maandishi, watu watakuuliza unaficha nini. Kwa hiyo kila mahali pakapata rangi mpya isipokuwa mlango, ambao ulibaki na rangi yake ya Japani na mdudu wake.

Hakuna aliyejua yalisema nini, na hakuna aliyekubali kwamba hajui. Baba Adongo, jirani yetu wa mlango wa pili aliyefanya kazi kiwanda cha magodoro, aliapa kwamba yalisema "Usimsemeshe dereva." Mkewe akasema ni gari la hospitali. Siku ya kuliombea gari, mchungaji wetu aliyapaka mafuta, akayawekea mikono yote miwili, akasema, "Hata kama sisi hatusomi, Bwana anasoma lugha zote." Watu wakaitikia amina. Mimi peke yangu sikufumba macho. Nilikuwa nikimtazama mdudu, na mafuta yalipomtiririkia, naapa, alimeremeta.

Mama wakati huo alikuwa akijifunza kushona katika kituo kimoja cha akina mama, na mwalimu wao alikuwa Mjapani wa kujitolea aliyeitwa Keiko. Mwalimu Keiko alizungumza Kiswahili kilichopigwa pasi. Watoto wangempigia kelele, "Mchina! Sasa!" naye angesimama, ainame, ajibu, "Mimi si Mchina, ni Mjapani. Hamjambo, watoto wazuri?" Watoto wazuri wa Huruma walikuwa hawajawahi kuitwa hivyo. Wengine walikimbia kwa hofu.

Jumamosi moja alasiri alikuja kwetu kunywa chai, akalikuta gari limeegeshwa mbele ya jengo, baba akilipangusa. Akasimama. Akaziba mdomo kwa vidole, na macho yake yakajaa maji.

"Mwalimu, kuna nini?" mama akauliza.

"Shiokaze," akasema, taratibu, kama anayetaja jina la mtu aliyemjua.

Baba akatupa kitambara begani. "Hiyo ni kampuni?"

"Hapana, baba. Ni upepo."

"Upepo!" Baba alivunjika moyo waziwazi. "Upepo tu?"

"Si upepo tu." Mwalimu akakaribia mlango, akaugusa kwa kiganja. "Upepo wa katikati ya bahari sisi hatuuiti hivi. Huu ni ule unaofika mpaka kwenye nyumba za watu. Umebeba maji yanayopwa na kujaa, umebeba harufu yake, umebeba chumvi. Asubuhi unaamka, unalamba mdomo hivi, una chumvi, na bado hujatoka kitandani. Mtu wa kwetu akienda mbali, akilisikia neno hili, anamwona mama yake mlangoni. Nafikiri gari hili lilikuwa la nyumba ya wageni ya pwani. Nyumba hizo hupenda jina hili. Ni jina zuri."

Mama akavuta pumzi. "Kumbe ni jina zuri."

"Zuri sana. Lakini mama yangu ukianza kuvuma, anakimbia kuanua nguo." Akacheka kidogo. "Na baiskeli ya babu yangu uliila. Upepo huu hula chuma. Hauli kwa nje. Hula chini na ndani, mahali ambapo huoni, polepole sana. Nje hubaki pazuri. Siku moja babu alipanda baiskeli yake nzuri, ikawa vipande viwili."

"Babu alifanyaje?" baba akauliza huku akicheka.

"Hakufanya kitu tena," Mwalimu Keiko akasema.

Baba akaligeuza jambo kuwa mzaha, kama kawaida yake. "Basi Mwalimu, huo upepo tumeuacha huko huko. Huku Huruma upepo wetu umebeba moshi wa jalala la Dandora peke yake. Huo hauli chuma, unakula kamasi." Wote wakacheka, Mwalimu naye akacheka kwa adabu, na wakaanza kwenda ndani.

Mimi nikamvuta sketi. Nilimwonyesha herufi ya pili. "Mwalimu, na huyu ni nani?"

Akainama, akanitazama kwa mshangao wa furaha. "Umemwona! Ndiyo, huyo ni mdudu. Mdudu kweli yuko ndani ya upepo. Una macho mazuri, Mwende."

Sijui kama kuna mtoto aliyewahi kusifiwa akatetemeka kama nilivyotetemeka mimi. Kwa akili yangu mambo yalijipanga wazi. Upepo ule ulikuwa mdudu. Mdudu alikuja ndani ya gari kutoka Japani. Baba alikuwa amemkataza fundi asimfunike, mchungaji akampaka mafuta, na sasa yumo mle, anakula kwa chini, polepole, mahali ambapo hatuoni.

Nikaanza kumsikiliza. Jioni gari likipoa baada ya kutoka safari nililala kifudifudi mavumbini, sikio upande wa tumbo la gari, nikasikia tk, tk, tk. Alikuwa mezani. Asubuhi baba akiliosha, maji yaliyotoka chini yalikuwa ya kahawia kama uji wa wimbi, na yalipokauka yaliacha unga. Siku moja nililamba kidole nilichochovya kwenye unga ule, nijue kama una chumvi alivyosema Mwalimu. Ulikuwa na ladha ya damu. Mama alinikuta ulimi nje.

"We Mwende! Unakula nini?"

"Mwaitu, naonja gari." Mwaitu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama. Na mwaitu alinizaba kibao nikaonja kitu kingine.

Kisha kulikuwa na kile kiatu. Mvua ilinyesha siku mama alipokuwa amepanda gari na baba kutoka kituoni, mlango kwa mlango, bila kukanyaga chini. Aliingia ndani kavu kabisa, nywele kavu, leso kavu, isipokuwa kiatu kimoja cha kushoto kilichokuwa kimelowa tepetepe. Aliketi kitandani akakigeuza, maji yakamwagika. Akakitazama. Akamtazama baba.

"Baba Mwende, sakafu ya gari inavuja?"

"Paa ndilo huvuja, mke wangu. Sakafu itavujaje? Maji hupanda juu?"

Akacheka, mama naye akacheka, nami nikabaki nikikitazama kile kiatu.

Kwani ilikuwa imeshapangwa: kwaya ya mama ingesafiri kwa gari la baba hadi Mbooni kufungua kanisa jipya. Nyinyi ambao hamjapanda Mbooni, nitawaeleza. Barabara ile imejikunja kama utumbo wa mbuzi. Upande mmoja ni mlima, upande wa pili ni hewa. Ukitema mate dirishani, yanafika chini Jumanne. Na mama angeketi katika kiti kile kile, mguu wake wa kushoto mahali pale pale.

Nilimwambia rafiki yangu Adongo, mtoto wa jirani, nikiamini atatunza siri. Alitunza mpaka akafika kona.

"Gari ya buda yake iko na minyoo!" akatangaza. Kutwa nzima watoto walinifuata. "Mwende, mshaipea dawa? Ipelekeni kliniki! Ikikohoa mwambie iteme!"

Walidhani wananitania, kumbe wananishauri. Mtaani kwetu alipita mzee mwenye kipaza sauti aliyeuza dawa ya unga ya panya, mende na kunguni. Kwa sauti yake, hata mbu waliokuwa Thika walikuwa wanaandika wasia. Mama alikuwa na pakiti chini ya kitanda. Siku moja kabla ya safari niliichukua, nikapanda juu ya ndoo, nikampaka mdudu dawa. Nilimpaka kichwa, tumbo na mguu, nikajaza kibanda chake chote mpaka herufi ikawa nyeupe. Na yale matone matatu pia, asipate maji ya kunywa.

Baba alinikuta hapo juu ya ndoo.

"Unafanya nini?"

"Naua mdudu, tata. Nataka afe kabla mwaitu hajapanda."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alicheka mpaka akajishikilia kwenye kioo cha pembeni, akamwita Baba Adongo aje aone, Baba Adongo akaita ghorofa ya kwanza, ghorofa ya kwanza ikaita ya pili. Huruma nzima ilicheka. Nadhani kicheko kilivuka mto kikafika Mathare. Baba akaufuta mlango kwa kitambara chake, na mdudu akatokea tena, safi kuliko mwanzo, bila dalili ya kuumwa hata kichwa.

Jumapili asubuhi wanakwaya walikuja wamevaa majoho ya rangi ya damu ya mzee ambayo mama mwenyewe aliyashona. Waliingia wakiimba. Mama akaketi kiti chake. Mimi sikuwa nakwenda. Nilisimama kando ya mlango nikiwa nimeshika joho lake kwa dirishani, na alikuwa akinibandua vidole kimoja kimoja huku akiimba.

Baba alizunguka gari mara ya mwisho, akasimama, akapiga mluzi. Gurudumu la nyuma lilikuwa limekaa chini. Pancha.

"Mama zangu, tushuke kidogo niweke jeki."

Mama Adongo ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwaya, na mwili wake ulikuwa na uongozi pia. "Tushuke twende wapi? Baba Mwende, tumeshaketi kwa raha zetu. Nuhu alipoziba nyufa aliwaambia tembo washuke?"

"Aliwaambia wanyamaze," baba akasema, wakaangua kicheko, wakaendelea kuimba.

Baba akapiga magoti. Akaiweka jeki chini ya gari, akaanza kuipandisha. Nami nikachuchumaa karibu yake, maana nilijua ile ndiyo ghorofa ya mdudu. Jeki ilipanda, gari halikupanda. Baba akakunja uso. Akapandisha tena. Kukatoka sauti ambayo chuma hakitoi. Ilikuwa sauti ya mtu anayetafuna njugu karanga akiwa peke yake chumbani. Gari likabaki pale pale. Jeki ikaendelea kupanda.

Ndani, wimbo ukakatika. Haukukatika kwa pamoja. Sauti nzito zilinyamaza kwanza, kisha za kati, ikabaki sauti moja nyembamba ya binti aliyekuwa amefumba macho, naye akafumbua, akanyamaza.

Nikasimama kuchungulia dirishani. Kati ya miguu ya mama, zulia la mpira lilikuwa likifura, kama fuko anachimba chini yake. Lilifura, likanyanyuka, likapasuka, na kichwa cha jeki kikachomoza, kimepakaa unga wa kahawia, karibu na kiatu chake cha kushoto.

"Yesu," mama akasema, kwa sauti ya chini kabisa.

Walishuka. Nimewahi kuona watu wakikimbia polisi, lakini sijaona mwili wa Mama Adongo ukipita mlangoni bila kugusa pande zote mbili isipokuwa siku ile. Baba alipanda ndani peke yake. Akalishika zulia kwa mikono miwili, akalibandua kutoka mbele hadi nyuma. Chini yake hapakuwa na sakafu. Palikuwa na kitu chembamba, chekundu, chenye matundu kama ungo, na kupitia matundu hayo tuliona mchanga wa Huruma. Mifupa iliyobeba viti ilikuwa imeliwa. Baba alishika mmoja, ukavunjika mkononi mwake kama biskuti.

Mama Adongo alianza kusema, "Baba Mwende, tungekuwa kule kwenye kona za Mbooni..." Upepo ulipita ukayapeperusha majoho, na wanawake wote wakayashika kwa wakati mmoja, kana kwamba kuna anayetaka kuyavua.

Baba alishuka akaketi chini, mgongo kwenye gurudumu bovu. Suruali yake nzuri ilijaa kutu. Sikuwahi kumwona mtu mzima akiketi hivyo. Watu waliondoka mmoja mmoja, hata mama alipanda ngazi akiwa ameshikwa mikono. Ndipo baba akaniita.

"Mwende. Yule mwalimu alisema linaitwaje?"

"Shiokaze."

"Shokasi," akajaribu. Akajaribu tena. Kisha akageuza kichwa akautazama mlango wake mweupe, mzuri, usio na hata doa. "Na huyo mdudu yuko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Kichwa. Tumbo. Mguu. Baba alimtazama muda mrefu, na hakucheka.

Gari lile halikuondoka Huruma tena. Mafundi walilichukua kipande kipande, baba akarudi kwenye malori ya watu. Mlango aliung'oa mwenyewe, akawa anauhamisha kila tulikohamia, mpaka ukafika Kware ukawa ukuta wa kuku. Mgeni akimuuliza yanasema nini, angejibu, "Hilo ni jina la upepo wa kwao watu fulani. Wakiwa mbali huwafanya walie." Sehemu ya pili hakuwaambia.

Lakini tangu siku ile hakuna mtu wake aliyepanda gari lolote kabla baba hajaingia chini yake. Alilala mavumbini, akagonga kila mfupa, akasikiliza. Alifanya hivyo kwa gari la shule yangu, dereva akimtukana. Siku ya harusi yangu wapambe walimtafuta baba wa bibi harusi kila pembe, kumbe miguu yake miwili imechomoza chini ya gari la maua, viatu vinang'aa, suti mpya yote imegeuka rangi ya udongo. Alitoka, akajipangusa, akaniambia, "Panda."

Na ndiyo maana nawasamehe wanaonisema. Wanasema kwamba siku ya mazishi, gari la maiti lilipofika kumchukua baba kumpeleka Mbooni, mimi nilianguka kwa uchungu. Wanawake walipiga mayowe, mtu akaleta maji, mwingine akanivuta mguu. Sikuwa nimeanguka. Nilikuwa nimelala chali chini ya gari na nguo yangu nyeusi, nikigonga chuma kwa kifundo cha kidole, mfupa hadi mfupa, mpaka nyuma kabisa pale jeneza lingekaa. Kila mahali paliitika kwa sauti nzito, ya kitu kizima. Nikapitisha kidole, nikakilamba. Hapakuwa na chumvi.

Nikatoka, nikajipangusa vumbi, nikawaambia wabebaji:

"Sasa mpandisheni."